Pua ya Simai

Bi Kawthar, anayepika keki za harusi Mkunazini, alimpigia simu Simai, mfugaji wa kuku wa mayai kule Uroa, akamtaka aje mjini haraka. Simai alipofika, hata "shikamoo" yake haikujibiwa vizuri.

"Mayai yako yananuka dagaa," alisema Bi Kawthar. "Jana keki imerudishwa. Mama wa bibi harusi kaniuliza kama nimeipikia sokoni kwa samaki."

Akavunja yai kwenye bakuli, akamsogezea puani. Simai alivuta pumzi kwa utulivu, kama mtu anayeonja kahawa.

"Mbona linanukia vizuri? Labda mikono ya mpishi wako."

Mpishi ni Bi Kawthar mwenyewe. Simai alirudi Uroa na trei zake zote alizorudishiwa.

Kilichomponza ni siri aliyoificha miaka miwili. Tangu ile homa kali iliyomlaza mwezi mzima, pua yake haikusikia harufu ya kitu chochote. Aliona aibu kusema, hata kwa mkewe Tabia.

Siku ya pili akaja Nassra, afisa mifugo, msichana mwenye maneno machache. Alifungua gunia la chakula cha kuku akarudi nyuma hatua mbili.

"Dagaa wako wamechacha, baba. Joto hili linaharibu mafuta yao, kuku wanakula, harufu inakwenda kwenye mayai. Chakula hiki kimwage."

Akamwachia mfuko wa makapi ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, yaliyobaki kiwandani baada ya kukamuliwa mafuta, yakakaushwa na kutwangwa. Yalikuwa yakitupwa tu, alisema, kumbe bado yana kitu kinachochelewesha mafuta kuchacha. Wataalamu wanakiita antioksidanti.

"Changanya kwenye chakula kipya. Kijiko kimoja kwa kilo, usizidishe. Na kila asubuhi unuse gunia kabla ya kulisha."

"Hilo tu?" alisema Simai.

Alitia kijiko kimoja, akainama kunusa. Kimya. Akatia cha pili, cha tatu, cha nne. Akaona bora apate shahidi.

"Tabia, hebu njoo unuse hapa."

"Kwa nini usinuse mwenyewe?"

"Nataka ushauri wa mwanamke."

Tabia alikuwa na mafua makali. Alinusa, akasema hasikii kitu. Simai akaumwaga mfuko wote.

Kuku walikitazama chakula kile, wakapiga chafya, wakahamia upande wa pili wa banda. Mmoja alidonoa mara moja, akasimama mdomo wazi kwa muda mrefu. Siku tatu zilipita kwa mayai sita. Jirani yao Haroub alikuja kuuliza nani mwenye harusi, maana mtaa mzima unanukia kama umetiwa viungo.

Nassra aliporudi, harufu ya karafuu ilimpokea mlangoni, akamtazama Simai puani. Kisha akatoa makopo mawili mkobani.

"Baba, hapa kuna unga wa dagaa wazima na wa waliooza. Nichagulie wazuri."

Simai alinusa la kwanza, akanusa la pili, akafumba macho. "Hili," alisema, akilikumbatia lile ambalo inzi walikuwa washaanza kulizunguka.

Tabia, ambaye mafua yake yalikuwa yamepona, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamgeukia mumewe.

"Simai. Husikii harufu?"

"Sisikii. Tangu ile homa."

"Na siku ile pilau liliungua, ukasema hujapata kula pilau tamu kama lile?"

"Nilisifu kwa mapenzi."

"Na udi ninaofukiza kila Alkhamisi?"

Simai alitazama kuku. "Naona moshi. Nnajua ni kwa ajili yangu."

Tabia alinyanyuka, akachukua gunia lenye karafuu akalimwaga shimoni, akamwambia Nassra alete makapi mengine na kijiko cha kupimia. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyechanganya na kunusa, na Simai akapewa kusafisha banda, kazi ambayo, kwa pua yake, aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote Uroa.

Baada ya wiki mbili walikwenda pamoja Mkunazini. Bi Kawthar alivunja yai, akalinusa kwa shaka, akalinusa tena, kisha akamsogezea Simai bakuli.

"Mimi pua yangu ni pambo, Bi Kawthar," alisema Simai. "Muulize mke wangu. Na yale maneno ya mikono ya mpishi, nnaomba radhi."

Bi Kawthar alimtazama, akamtazama Tabia, akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Masikini. Basi nipe trei kumi. Na wewe Tabia, niandikie namba yako, huyu simpigii tena."

Tabia aliandika. Simai alibeba trei ndani, moja moja, kwa uangalifu mkubwa.