Kondakta Hukaa Nyuma

Mume wangu hapandi gari. Nalisema mapema ili msije mkaniuliza baadaye kwa nini watu wazima na akili zao waliamua kwenda kumwona mjukuu kwa baiskeli, hema limefungwa nyuma kwa mipira ya tyubu. Hapandi basi, hapandi teksi, hata lori la mchanga lililozimwa injini hapandi. Na huyohuyo alikuwa dereva wa mabasi ya safari ndefu, mimi kondakta wake. Tulipatana humohumo kazini, tukaoana, na mpaka leo ananiita Kondakta nami namwita Dereva, hata mbele ya wageni.

Mwaka juzi basi letu lilikatika breki kwenye mteremko mkali. Dereva hakuwa na pa kulipeleka ila kwenye ukingo wa udongo kando ya barabara. Akalipeleka huko, likajigonga, likalala ubavu. Abiria walitoka wazima karibu wote. Mmoja hakutoka, mzee aliyekuwa amevaa koti la sufu joto lote lile. Wachunguzi wakaja, wakapima, wakasema ubovu ulikuwa wa gari, tena dereva asingefanya alivyofanya tungekwisha sote. Dereva akawasikiliza, akasema asante, akarudisha funguo kwa mwenye basi. Tangu hapo akawa fundi baiskeli barazani kwetu, na habari za ule mteremko hazikuzungumzwa tena nyumbani.

Mimi sikuwa na nafasi ya kuumwa. Mtu amekaa anaangalia ukuta, mtoto anataka kwenda shule, na jiko haliwaki lenyewe. Nikapata kibarua cha kupiga pasi kwa dobi, nikapiga pasi. Waliokuja kutoa pole walinikuta mlangoni, wakaniuliza, "Anaendeleaje?" Nikawajibu, "Anaendelea," nikaenda kuwawekea chai.

Sasa mwaka huu mtoto wetu wa kwanza, aliyeolewa mji wa mwisho kabisa wa ile njia yetu ya zamani, akajifungua binti. Miezi ikapita. Siku moja akapiga simu, akaomba aongee na baba yake, akamwambia bila kupaza sauti, "Mtoto anajifunza kukaa, Baba. Unangoja aanze kutembea aje yeye kwako?" Dereva akarudisha simu, akaacha chakula chake kama kilivyo. Asubuhi nikamkuta uani na baiskeli tatu zimepinduliwa, magurudumu juu, anazikaza spoki.

"Tutaenda kwa hizi," akasema.

"Tutaenda nani?"

"Mimi. Na atakayependa."

Nikamwambia hakuna dereva anayeondoka kituoni bila kondakta, labda awe mwizi wa basi. Akacheka kidogo, jambo ambalo lilikuwa limeadimika. Kisha akaacha kucheka. "Lakini tunapita njia ya mashambani, tunauzunguka ule mlima. Nikiuona mteremko nageuza, Kondakta. Nageuza narudi nyumbani, mjukuu nitamwona kwenye picha."

Namjua mtu wangu. Hana maneno mengi, na akitoa moja ameshalifunga kwa kufuli. Nikajua akigeuza safari ile, hatainuka tena kwenda kokote, na binti yetu hatamsamehe. Basi nikasema sawa, njia ya mashambani.

Tulikuwa watatu. Kitinda mimba wetu tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Wabaya wangu wanasema kachukua kwangu. Yeye aliwekwa katikati na mfuko wa nguo, Dereva mbele na hema, mimi nyuma na sufuria, jiko dogo la gesi na viazi. Ungetuona ungedhani tumefukuzwa nyumba. Siku ya kwanza makalio yaliniuma mpaka nikawa nakula nimesimama. Siku ya pili mnyororo wangu ukachomoka mara kwa mara, nikautukana matusi ambayo sikuyatumia hata enzi za kugombania abiria stendi. Dereva akaketi kando ya njia, akacheka mpaka akajishika mbavu. Nilimkasirikia kwa mdomo tu. Moyoni nilitamani mnyororo uchomoke tena.

Jioni tulikuwa tukiomba pa kulala. Mara uwanja wa shule, mara nyuma ya ghala la mtu, na kabla giza halijaingia hema limesimama, viazi vinachemka, Redio anauliza kwa nini vyura hawapigi kelele mchana. Baba yake anamjibu. Mtu ambaye nyumbani alikuwa anaitikia kwa kichwa, huku porini anabishana na mtoto habari za vyura! Nikawa najilaza nawasikiliza kupitia kitambaa cha hema, nikisema moyoni, huyu anarudi, taratibu lakini anarudi.

Mwendo wetu ulikuwa wa basi. Hatukukubaliana, ulikuja wenyewe. Zamani abiria wakishakaa nilikuwa nagonga bodi mara mbili, naye anaondoka. Nikigonga mara moja anasimama. Sasa bodi haipo, nikawa napiga kengele ya baiskeli. Mbili, twende. Moja, simama. Alikuwa akisikia kengele mbili, mguu wake unakanyaga pedali kabla hajafikiri. Watu waliofanya kazi pamoja miaka yote ile, mwili mmoja unaagiza na mwingine unatii.

Na hapo ndipo tulipokosea. Tulifika njia panda, kwenye kibanda cha chai ambapo basi letu lilikuwa likisimama abiria wanyooshe miguu. Njia ya mashambani inakata kushoto, ya vumbi, imejificha nyuma ya choo cha kibanda. Barabara ya lami inanyooka kuelekea mlimani. Tukanywa chai, tukala mayai ya kuchemsha. Mwenye kibanda alikuwa mwingine, hakutujua. Nikakagua mizigo, nikamfunga Redio kamba ya kiatu, nikapanda, nikapiga kengele mbili. Dereva akaondoka, akaingia kwenye lami, akanyoosha.

Hakufikiri, nawaapia. Chai ileile, kituo kilekile, kengele mbili nyuma yake. Mguu wake ulikuwa unaendesha basi.

Redio akageuka. "Mama, si tulikuwa tunakata kushoto?"

"Zima redio," nikamwambia. "Angalia mbele."

Kengele ilikuwa chini ya kidole changu. Pigo moja tu, angesimama. Sikupiga. Nikajifanya daktari. Nikajiambia, amejileta mwenyewe, acha afike, auone kuwa ni barabara tu kama barabara nyingine, ateremke, yaishe. Tena nilijisifu. Nilisema nikifika kwa binti yangu nitamwambia, baba yako nimemponya mimi, bila dawa.

Tukapanda mlima, sehemu kubwa tukisukuma. Kadiri tulivyopanda ndivyo mgongo wa Dereva ulivyozidi kukakamaa, lakini hakusimama. Sijui alikumbuka saa ngapi. Tulipofika kileleni akaweka mguu chini. Barabara ilikuwa imelala mbele yetu, inashuka, inapinda pale chini penye ukingo wa udongo, mchana kweupe, na lori moja linateremka kwa gia nzito.

"Kondakta," akasema bila kunitazama. "Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu njia panda."

"Tangu njia panda."

Nilingoja ageuze. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumzuia, ya kubembeleza na ya kugombeza. Akashuka kwenye baiskeli, uso umempauka, jasho linamtiririka. Akaenda kwenye baiskeli ya Redio, akazibana breki zake, ya mbele na ya nyuma, akavuta waya, akazibana tena. Akaja kwangu akafanya vilevile.  Kisha akasema, "Tutashuka kwa miguu, tukisukuma. Pembeni kabisa." Akatangulia.

Alhamdulillahi, nikasema moyoni. Redio akamfuata. Mimi nikasema twende, na sikwenda.

Nilidhani nimechoka. Nikasukuma baiskeli, haisogei. Nikaisukuma tena. Redio akanitazama, akarudi hatua chache, akasema taratibu, kitu ambacho si kawaida yake, "Mama, umeshika breki."

Nikaiangalia mikono yangu. Vidole vyote vimezibana breki, vimekuwa vyeupe. Nikaviambia viachie, havikuachia.  Nikatafuta mzaha wa kumtupia mtoto asiogope, mimi ambaye niliwachekesha abiria waliokwama kwenye matope usiku kucha, na mdomoni hamkuwa na kitu. Harufu ya ule udongo ilikuwa imenijaa puani. Redio akaitupa baiskeli yake kwenye nyasi, akakimbia kumwita baba yake.

Dereva akapanda akihema. Nikamkaripia kabla hajafika. "Nenda na mtoto, wewe. Nakuja. Nimechoka tu, mtu hawezi kuchoka?"

 Akanishika kidole kimoja akakitoa kwenye breki, akashika kingine. Alipovimaliza akailaza baiskeli yangu, akaniketisha kwenye nyasi, akakaa mbele yangu, akiuziba mteremko kwa mwili wake.

"Siku ile ulikuwa wapi?" akauliza. "Lilipolala."

"Ndani. Ningekuwa wapi tena?"

"Ndani wapi? Mimi nilipotoka kupitia dirishani sikukuona. Baadaye nikakuona nje, umesimama, unahesabu watu. Nikajua ulitoka mapema. Nikashukuru, nikaishia hapo."

Askari waliniuliza abiria walikuwa wangapi. Mama yangu aliuliza habari za Dereva, dada zangu habari za Dereva, majirani habari za Dereva. Nami niliwajibu wote. Swali hili hakuna aliyekuwa ameniuliza, wala sikuwa nimejiuliza.

"Chini," nikasema. "Upande wa mlango, ule basi lililolalia. Viti viliniangukia, na yule mzee akawa juu yangu. Alikuwa hai, Dereva. Kichwa chake kilikuwa hapa shingoni. Akaniuliza, binti, tumefika? Nikamwambia, bado kidogo mzee, tumekaribia. Akasema, haya, tukifika uniambie nishuke. Nikamwambia nitakwambia. Akanyamaza. Mimi nikawa naendelea tu kumwambia, tumekaribia, tumekaribia, mpaka walipokuja kumwondoa juu yangu. Nikatoka, nikahesabu watu."

Nililia. Nisiwafiche, nililia kilio cha kutoa kamasi, njiani, mchana, mbele ya mtoto. Nilikuwa na hasira pia, sijui na nani, nikampiga Dereva kifuani kwa ngumi, naye akaacha nimpige. Hakuniambia pole. Alikuwa analia yeye pia, bila sauti. Redio alisimama kando, ameshika kofia yangu ya jua.

Nilipotulia akasema, "Tukigeuza, tunageuza. Safari hii useme wewe."

"Na mjukuu?"

"Mjukuu ana mama yake. Mimi nimekuuliza wewe."

Nikapangusa uso kwa khanga. Nikamwambia sitaki kugeuza, nataka kufika, ila miguu yangu siiamini na baiskeli siitaki mkononi. Akafikiri kidogo. Akainuka, akamchukua Redio na baiskeli mbili, wakateremka. Nikamwangalia anavyopotea kwenye kona, kisha anavyorudi peke yake, ameinama, anapanda. Akaichukua baiskeli yangu na sufuria zikigongana, akateremka nayo. Akarudi tena. Mtu aliyeapa kutouona mteremko ule aliupita, akaupanda, akaupita, akaupanda, kwa miguu, shati limeloa chapachapa.

Akanipa mkono. "Sasa wewe."

Tukashuka. Alinishika mkono, akakaa upande wa barabara, mimi upande wa nyasi. Sikufumba macho. Tulipofika penye ukingo wa udongo hapakuwa na lolote, hakuna kioo wala alama, majani tu yameota. Tungeweza kupapita. Lakini tulisimama sote wawili kwa pamoja, bila kuambiana.

Nilitaka kusema neno. Nilikuwa nimemwahidi mzee wa watu. Nikafungua mdomo, mdomo huu wote mnaousikia, sauti haikutoka. Dereva akanitazama, akaelewa. Akavua kofia, akainamia yale majani, akasema kwa sauti ya chini, kwa adabu, "Shikamoo mzee. Tumefika. Unaweza kushuka."

Kisha tukaendelea taratibu kuelekea kwa mtoto, aliyekuwa anatungoja chini na baiskeli zote tatu.