Sikio Lililobaki

Alichokiona kwanza Nalepo kilikuwa sikio. Alikuwa akiisugua sarafu kwa ukwaju na majivu, kama alivyosugua kila fedha kuukuu iliyoletwa kwa sonara, na weusi ulipotoka likajitokeza ukingoni, dogo kama punje ya dengu. Mbele ya sikio hapakuwa na uso. Ulikwanguliwa kwa ncha ya kisu.

Katikati alikuwa mwanamke, akimtazama Nalepo moja kwa moja. Kulia kwake mvulana. Kushoto, sikio.

"Lete, moto umekolea," alisema Mzee Abdulsalam, sonara.

Mteja, Mama Aika wa Njiro, alikuwa amekaa kwenye benchi. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mumewe aliuza tanzanite ya Mererani, na mzungu mmoja mnunuzi akampa sarafu hiyo kama zawadi. Mama Aika alitaka iyeyushwe, utoke msalaba wa kipaimara cha binti yake.

"Ya Warumi hiyo," alisema. "Karibu miaka elfu mbili. Mfalme alichapa sura za mkewe na wanawe, watu wajue nyumba yake haitakatika. Alipokufa, mkubwa akamuua mdogo mbele ya mama yao, akaamuru asitajwe wala asionekane popote."

"Na humo ndimo utakamotoka msalaba?" Mzee alicheka. "Wachaga mna moyo."

"Fedha ni fedha, Mzee. Wewe yeyusha."

Kiganja cha Nalepo kilikataa kufunguka. Miaka elfu mbili, na mama yule bado ameketi kati ya wanawe wote wawili.

Kwao Oldonyo Sambu jina la mtoto aliyekufa halitamkwi. Kaka yake alipochukuliwa na maji ya korongo, mama yao aliacha hata kumwita jirani mwenye jina lile. Jirani huyo akawa Yule wa Ng'ambo. Nalepo akatolewa shule, darasa la tano, akachunge mbuzi wa kaka. Mbuzi wakabaki. Jina likaondoka.

"We Nalepo, umelala?" aliita Mzee.

"Shikamoo, Mama," alisema Nalepo.

"Marahaba. Si ulishaniamkia?"

"Isiyeyushwe."

Mzee akaacha kupuliza moto kwa mvukuto. Tangu aanze kazi pale, binti huyu hakuwahi kusema neno bila kuulizwa.

"Kwa nini?" akauliza.

"Amebaki na sikio."

Mama Aika akaichukua sarafu, akasogea nayo mlangoni penye mwanga. Akaigeuza. Akafuta miwani kwa ncha ya kitenge, akaitazama tena, muda mrefu kuliko mtu anavyotazama fedha.

"Basi leo muiache," alisema taratibu. "Nitakuja na Aika, achague mwenyewe." Akairudisha kiganjani mwa Nalepo, akaondoka.

Adhana ya alasiri ikaita. Mzee akavaa kofia, akatoka kwenda msikitini. Makaa yakaanza kufunikwa na majivu.

Nalepo akainua sarafu hadi midomoni, upande wa kushoto wa yule mama, penye sikio.

"Koikai," alimwita kaka yake.