Pedali za Mwalimu

“Ulikanyaga.”

“Sikukanyaga.”

“Mwalimu, gari limezimika katikati ya mzunguko, lori la kokoto linatupigia honi mgongoni, na breki nimekanyaga mimi? Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta,” alisema mkewe, mikono bado kwenye usukani.

“Labda uliachia klachi haraka.”

“Klachi hakuigusa mtu.”

Kwenye kiti cha nyuma, binti yao mkubwa alinyoosha mkono kama yuko darasani. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa ubishi wake nyumba nzima ilimwita Wakili. “Mimi niliona. Goti la baba lilipanda, halafu likashuka.”

“Nani kakuuliza?” alisema baba yake.

“Shahidi haulizwi na mshtakiwa.”

Bibi yake, mama mzazi wa Mwalimu, alikuwa ameukumbatia mkoba wake tangu kwenye mzunguko na bado hajauachia. Kati yao alikaa mdogo wa miaka sita, Chiriku, ambaye tangu watoke alikuwa haishi kuuliza kama tembo wapo karibu. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba yao wenyewe. Hakuna aliyeshuka.

Ilikuwa Ijumaa, saa tano asubuhi. Kesho yake alfajiri walikuwa waondoke, wakalale jirani na geti la hifadhi ya taifa, ile ambayo kila mtu mwenye watoto husema atakwenda na wengi hawaendi. Mama Wakili alikuwa ameweka nafasi miezi miwili kabla. Wakati wa likizo hifadhi hujaa pomoni, na karatasi yao ilisema waingie getini Jumapili kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi. Ukichelewa, nafasi imekwenda, na nyingine utaisubiri hadi likizo ijayo.

Safari ya majaribio lilikuwa wazo lake. Kazi yake ilikuwa kupanga safari za magari matatu yanayosambaza dawa kutoka ghalani hadi zahanati za mbali, na hajawahi kuruhusu gari kwenda njia mpya bila kulizungusha kwanza na mzigo wake wote. Kwa hiyo asubuhi hiyo kila mtu alikaa mahali pake, buti likajaa mabegi, magodoro membamba na kasha la barafu, Mama Wakili akashika usukani, na Mwalimu akakaa pembeni yake. Walifika kwenye mzunguko wa kwanza tu, wakarudi.

Mwalimu alikuwa mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na tisa huo. Gari lilikuwa lao, ila Jumatatu hadi Alhamisi lilikuwa la kazi, na chini ya kiti cha abiria lilikuwa na pedali mbili zaidi, breki na klachi, zilizofungwa kwa vyuma hadi kwenye zile za dereva. Mwanafunzi akikosea, Mwalimu anakanyaga na mambo yanaisha. Tatizo ni kwamba mguu haukuwa tena ukimuomba ruhusa. Nyumbani, zulia mbele ya kochi lake lilikuwa limechakaa mahali pawili, kushoto na kulia, kwa sababu katika televisheni gari likikata kona, Mwalimu alikanyaga. Siku moja kwenye meza ya chakula Wakili alisukuma bakuli la supu kwa kasi, baba yake akamkanyaga bibi.

“Basi tusibishane,” Mwalimu alisema sasa. “Nitaendesha mimi. Kwenda na kurudi. Yamekwisha.”

“Hayajakwisha. Ni saa tisa za barabara.”

“Nimeendesha zaidi ya hizo.”

“Lete mguu.”

“Mguu gani?”

“Unaujua.”

Aliinama, akamshika shavu la mguu wa kulia juu ya suruali na kulibonyeza kwa kidole gumba, kama anayepima mkate kama umeiva ndani. Mwalimu aliruka hadi kichwa kikagonga dari.

“Huo ndio mguu wa saa tisa,” alisema mkewe.

Mwaka jana, njiani kwenda kumwona kaka yake Mwalimu, msuli huo ulikaza. Walikaa kando ya barabara saa tatu, Mwalimu amelala chali kwenye majani, Mama Wakili akimsugua kwa mafuta ya nywele kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo. Daktari alimwambia asipitishe saa mbili mfululizo kwenye usukani. Ghalani, Mama Wakili alikuwa na kanuni ya saa nne kwa dereva mzima, akiipitisha ananyang’anywa ufunguo. Na alikuwa amesoma masharti ya hifadhi hadi mwisho, hata maandishi madogo. Ndani ya hifadhi ni marufuku kushuka garini isipokuwa penye alama. “Msuli ukikaza katikati ya tembo,” alikuwa amemwambia mumewe tangu Jumatatu, “tutabadilishana vipi viti? Nikupitie kichwani?”

Yeye leseni alikuwa nayo, mwaka wa nane. Aliipata kwenye shule ya mshindani wa mumewe, wiki sita, akiaga kwamba anakwenda kwa fundi cherehani, kwa sababu akifundishwa na mumewe alikuwa hajawahi kuvuka gia ya pili. Alipoiweka leseni mezani kando ya chai, Mwalimu aliigeuza mbele na nyuma, akauliza swali moja tu: “Nani alikufundisha kurudi nyuma?” Tangu siku hiyo aliendesha kwenda sokoni na shuleni kwa watoto, mumewe asipokuwepo. Kituo cha mwisho cha mafuta mjini hakuwahi kukipita. Magari matatu alikuwa akiyatuma kila wiki katika barabara ambazo macho yake hayajawahi kuziona.

“Mama,” alisema, akimgeukia mama mkwe. “Njoo ukae mbele. Mwalimu atakaa nyuma na watoto.”

“Mimi?” alisema bibi. “Mbele ni pa wakubwa.”

“Nani mkubwa kuliko wewe humu?”

“Na mimi je?” aliuliza Wakili. “Nikae mbele.”

“Mtoto hakai mbele,” walisema baba na mama kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana asubuhi hiyo.

Wakabadilishana. Mwalimu alijibana nyuma katikati ya binti zake, magoti yakimfika kidevuni. Mama Wakili aliwasha gari, akatia gia ya kwanza, akaingia barabarani taratibu. Kona ya kwanza alihisi kitu kikimsukuma kiunoni. Kona ya pili tena.

“Mwalimu, toa mguu wako kwenye mgongo wangu.”

“Samahani.”

“Baba anakanyaga kiti,” alitangaza Chiriku.

“Tumekusikia, mwanangu.”

Hilo angelivumilia. Saa tisa za kusukumwa kiuno si kitu kwa mtu aliyezaa mara mbili. Lakini walipofika kwenye mwinuko wa soko, gari lilianza kugoma. Alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari halikwenda. Aliongeza, likatambaa kama limefungwa kamba nyuma, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mwenye mkokoteni wa ndizi akawapita, akawapungia mkono.

“Mama,” alisema Mama Wakili, macho mbele, “miguu yako iko wapi?”

“Ipo hapa, mkwe wangu. Kwenye hivi vibao.”

“Vibao gani?”

“Hivi mlivyoniwekea vya kupumzishia miguu. Vinabonyea vizuri, goti haliumi hata kidogo.”

Wakili alicheka hadi akateleza chini ya kiti. Mama Wakili alimwomba mama mkwe aondoe miguu. Bibi aliiondoa, gari likaruka mbele, na baada ya nyumba tatu goti likamuuma, miguu ikarudi kwenye vibao yenyewe. Mara ya tatu bibi mwenyewe alisema, “Nirudisheni nyuma kwa mke mwenzangu,” akimaanisha Wakili. “Huku mbele ni pa watu wenye kazi.”

Walirudi nyumbani. Watoto na bibi waliingia ndani. Mama Wakili na Mwalimu walibaki uani, gari katikati yao, mlango wa abiria wazi. Zile pedali mbili zilikuwa zimekaa pale chini, zimeng’arishwa na viatu vya miaka.

“Zitoke,” alisema Mama Wakili.

“Nini?”

“Hizo. Zifungue, ziache nyumbani. Utazirudisha Jumatatu, kabla ya somo la kwanza.”

“Hizo si vifuniko vya sufuria. Zina vyuma, zina nati, zina marekebisho.”

“Ulizifunga mwenyewe. Kwa muda gani?”

Mwalimu aliinama kufunga kamba ya kiatu.

“Kwa muda gani?”

“Dakika arobaini.”

“Basi.”

Mwalimu aliuegemea mlango, akatazama ndani ya gari muda mrefu kuliko ilivyohitajika. “Hujui,” alisema mwishowe. “Mwaka wangu wa kwanza gari la shule halikuwa na pedali hizi. Nilikuwa na mwanafunzi, mtu mzima, karani wa posta. Mbele kuna ukuta wa duka la vyombo. Nikamwambia breki. Akakanyaga mafuta. Nikamwambia tena breki. Akaongeza. Tuliingia hadi kwenye rafu ya sahani.”

“Mtu aliumia?”

“Hakuna. Sahani tu. Lakini mimi nilikaa pale, mikono juu ya magoti, sina cha kufanya. Nilikuwa na mdomo tu. Tangu siku ile sijakaa kiti hiki bila breki. Hata kwenye teksi nakaa nyuma.”

Mama Wakili hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, na alidhani ni ubishi tu. Alimtazama mumewe, akaona mguu wake wa kulia, huo huo mbovu, ukigusagusa ardhi.

“Pole,” alisema, na alimaanisha. Kisha akaendelea, kwa sababu pole haikuwa inawafikisha getini. “Mimi si karani wa posta. Miaka minane sijagonga hata ndoo. Leo gari limezimika katikati ya mzunguko na lori nyuma yetu, na mwenye mguu ni wewe. Lori lile lingekuwa na breki mbaya, tungekuwa tunaongea mengine.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Niliuona mguu ukienda,” alisema Mwalimu. “Sikuweza kuuzuia.”

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kukiri, na Mama Wakili hakumpigia makofi. “Ghalani, dereva anayemwingilia mwenzake kwenye usukani hapandi gari langu. Hata awe na miaka thelathini kazini. Kwa hiyo sikiliza. Pedali zikitoka sasa, kesho tunaondoka. Wewe saa mbili, mimi nne, wewe saa mbili, mimi namalizia. Zikibaki, naingia ndani, napiga simu hifadhini na kuiachia nafasi, wapewe watu wengine. Halafu utamweleza Chiriku wewe. Mimi simwelezi.”

Kutoka dirishani ilisikika sauti ya Chiriku akimfundisha bibi yake namna ya kukaa kimya tembo akikaribia, na hakuwa akinyamaza.

Mama Wakili alitoa simu mfukoni. Hakumtishia nayo. Aliitafuta namba, akaipata, akasubiri.

Mwalimu alifungua buti, akahamisha godoro na kasha la barafu, akatoa mkoba wa spana. Alitandika gunia chini, akalala chali, akaingiza kichwa chini ya dashibodi hadi mabegani. “Kumi na tatu,” ilisema sauti yake kutoka ndani.

Mama Wakili alirudisha simu mfukoni, akachagua spana namba kumi na tatu na kumpa.

Nati ya kwanza ilikuwa ngumu. Ya pili ilianguka ikabiringika chini ya kiti, Wakili akaitwa kuitafuta kwa sababu ana vidole vyembamba, akaipata pamoja na peremende ya zamani ambayo aliila kabla hajakatazwa. Ya tatu na ya nne zilitoka vizuri. Dakika hazikuwa arobaini, zilikuwa hamsini na tano, na Mwalimu alitoka na kutu kwenye nyusi, ameshika pedali moja kila mkono kama mtu aliyevua samaki wawili ambao hakuwataka.

“Nipe,” alisema mkewe.

Alizitia kwenye mfuko wa nailoni na nati zake zote nne, akakata kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu nyeusi: PEDALI. ZIRUDI JUMATATU SAA MOJA ASUBUHI. Akaufunga mfuko kwa mpira na kuuweka kabatini, juu kabisa, kwenye rafu ya vyombo vya wageni.

“Kwenye sahani?” aliuliza Mwalimu.

“Hapana nafasi nyingine.”

Ilibaki kujaza mafuta. Kituo cha karibu kilikuwa hatua mia mbili. Mama Wakili alikaa kwenye usukani, akafunga mkanda, akamwonyesha mumewe kiti cha mbele. Mwalimu alikaa. Alifunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akaweka mikono juu ya magoti.

Mama Wakili hakwenda kituo cha karibu. Alipita mbele yake, akafika kwenye mzunguko ule ule wa asubuhi, akapunguza, akatazama, akaingia. Basi dogo lilichomoza upande wa pili. Goti la Mwalimu lilipanda, likashuka kwa nguvu zote juu ya zulia tupu.

Gari likaendelea. Basi likawapisha.

“Nimekanyaga,” alisema Mwalimu.

“Nimeona,” alisema Mama Wakili, akatia gia ya tatu, akashika njia ya kituo cha mwisho cha mafuta.