Taa Mpya za Makengeza

Gari la Ernesta lilikuwa na makengeza, na hakuna aliyeona haya kulisema, maana ndilo lilikuwa jina lake. Lilikuwa Landrova ya kijani ya mwaka sabini na nne, aliyoiacha marehemu mumewe, Zebedayo, yenye taa mbili za duara usoni. Ya kulia ilitazama barabara kama taa yoyote yenye adabu zake. Ya kushoto ilikuwa imegeukia pembeni, ikitazama korongo. Wageni wakiliona walicheka mpaka wakashika mbavu. Wenyeji hawakucheka, kwa sababu walijua kuwa Zebedayo mwenyewe ndiye aliyeipinda taa hiyo kwa nyundo, siku moja baada ya ukungu kumponza pale kona ya Mwamba na tairi la mbele kubaki likizunguka hewani.

Ukungu wa Upare si wa kuchezea. Unaweza kuanika mahindi yako saa saba, jua linawaka, na saa nane humwoni hata kuku anayekudokolea. Unashuka kutoka msituni bila hodi. Hapo ndipo taa ile ya kushoto ilipofanya kazi yake, kumwonyesha dereva barabara inaishia wapi. Balbu zilikuwa za zamani, za mwanga wa manjano kama chai ya rangi, na mwanga ule ulikuwa na tabia ya kupenya. Watu wakiona manjano mawili yasiyoelewana yanateremka, wanasema, "Makengeza hilo," na mwenye gunia la tangawizi analisogeza barabarani, na mwenye mgonjwa anamtoa nje akiwa amekaa kwenye kiti. Hawakuuliza linakwenda wapi. Linakwenda Same, Ernesta ndiye anayeendesha, na kama kuna mgonjwa, basi gunia litashuka ili mgonjwa apande.

Zebedayo alipofariki, miaka sita iliyopita, wanaume wa ukoo walikaa kikao wakaulizana mwanamke atafanya nini na Landrova. Ernesta aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akawashukuru, akatoka nje, akaliwasha gari na kuwapeleka makwao mmoja mmoja. Hakuna aliyerudia swali.

Katika kikao kile ni mmoja tu ambaye hakufungua mdomo, na huyo ni Elinaza, mdogo wake Zebedayo wa mwisho. Ernesta alilihesabu jambo hilo kuwa wema. Elinaza aliletwa nyumbani kwake ana miaka tisa, mwaka uleule Ernesta alipoolewa, yatima mwenye kikohozi na shati moja. Ernesta hakujaliwa kuzaa. Alimfulia kaptula za shule, akamkanda kifua kwa mafuta ya moto, akauza tangawizi ya misimu mitatu ili akasomee umeme wa magari. Sasa Elinaza alikuwa fundi anayejulikana Same mjini, ana karakana yake karibu na barabara kuu, na bado alipopanda mlimani alimwinamia na kumwamkia kama zamani.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu Elinaza akapanda, na boksi kwapani.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba mwanangu. Mbona na mzigo?"

"Taa hizi. LED. Nimekuletea zawadi, za Makengeza."

Ernesta alizitoa kwenye boksi akazigeuza mkononi. Zilikuwa nyepesi, zimejaa vijicho vidogo vidogo kama vya inzi.

"Za kaka yako zina kosa gani?"

"Zinakula betri, shemeji. Halafu mwanga wenyewe wa kibatari. Hizi zikiwaka ni mchana."

"Na ile ya kushoto nani atanipindia?"

"Ukiwa na mwanga huu huhitaji kupinda kitu." Elinaza alicheka, kisha akaacha kucheka. "Shemeji, umri unakwenda. Macho nayo si yale. Ukitumbukia korongoni mimi nitabaki na nani?"

Neno hilo la mwisho ndilo lililommaliza. Ernesta alijifanya anatazama chungu cha makande jikoni ili asionekane anajifuta machozi.

Akalishusha gari Same mwenyewe. Elinaza alikaa nalo siku mbili. Alibadilisha nyaya, akanyoosha kwa nyundo pale kaka yake alipopinda kwa nyundo, akafunga taa mpya zikiwa sawasawa, macho mawili yanayotazama mbele kama ya mwanajeshi. Kwa kuwa alikuwa keshalala chini ya gari, akabadilisha na bomba la moshi, ngurumo yote ikaisha. Hakutaka hata senti moja. Alichotaka ni saini.

"Hapa na hapa, shemeji. Karatasi za ukaguzi. Wakikuta taa zimebadilishwa bila maandishi watakusumbua njiani. Na kadi ya gari niachie niifuatilie. Na ufunguo wa akiba, maana huenda nikahitaji kulipima lisipokuwa na mtu."

Miwani ya kusomea ilikuwa ndani ya mkoba wake. Ernesta alikuwa mtu wa kusoma kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa mbolea, na wakulima wenzake walimtania kwa hilo. Lakini kuivaa miwani mbele ya Elinaza na kuanza kufuata mistari kwa kidole kungekuwa sawa na kumwambia usoni, wewe sikuamini. Akasaini. Akatoa kadi, akatoa na ufunguo. Taa za zamani aliziona pembeni kwenye chuma chakavu, akaziomba, Elinaza akacheka na kumfungia kwenye gazeti.

Jumapili iliyofuata Ernesta alisimama kanisani kutoa shukrani. Akasema wengine wanazaa na hawatazamwi, yeye hakuzaa na ametazamwa. Wanawake wakapiga vigelegele, mchungaji akamwombea Elinaza kwa jina.

Ni jirani yake tu, Blandina, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, aliyetia dosari. "Mama, taa zako zinachoma macho," alisema. "Na jana umenipita na kapu langu kichwani, sikujua kama ni wewe. Nilidhani gari la wageni."

"Mtazoea," Ernesta akamjibu.

Hawakupewa muda wa kuzoea. Alhamisi moja ya mwezi wa tano, Ernesta alikwenda kwa miguu kwenye kipindi cha akina mama kanisani, mwendo wa nusu saa chini ya nyumbani kwake, akaliacha gari uani. Alipotoka, ukungu ulikuwa umeshuka. Alivaa koti la mvua la Zebedayo, lile refu la khaki linalomfika miguuni, akaanza kupanda polepole huku akipapasa ukingo kwa fimbo. Alipokaribia kona ya Mwamba akaona mwanga mbele yake. Taa mbili nyeupe, zimesimama. Haziendi mbele wala hazirudi nyuma.

Huyo ameogopa, Ernesta akawaza, na ana haki. Mwanga mweupe katika ukungu ni sawa na kutundikiwa shuka mbele ya kioo. Dereva haoni barabara, haoni korongo, anaona weupe tu.

Huko milimani kuna jambo ambalo hakuna anayefundishwa na kila mtu analijua. Ukikuta gari limekwama konani kwenye ukungu, unaliongoza. Huulizi la nani. Unainua mkono dereva akuone, unageuka, unatembea upande wa korongo ukiwa umenyoosha mkono wa kushoto, na yeye anafuata mgongo wako. Ukimvusha, unasimama kando, naye anapiga honi mara mbili. Hayo ndiyo malipo, na yanatosha.

Ernesta akainua mkono. Taa zikapunguzwa, zikawashwa tena: ameonekana. Akageuka, akaanza kuteremka alikotoka, mkono wa kushoto nje, miguu ikipima mwisho wa barabara. Injini ilikuja nyuma yake taratibu, kwa upole, kama mtu anayenyata. Mwanga ulimpiga mgongoni mpaka kivuli chake kikasimama mbele yake juu ya ukungu, kikubwa kuliko mwanadamu. Alihesabu hatua, kama Zebedayo alivyokuwa akihesabu. Kwenye hatua ya ishirini na mbili kuna jiwe lililomomonyoka. Alisimama, akapunga mkono kuonyesha kulia, gari likaenda kulia. Hatua ya arobaini kona ikaisha. Akasogea kando na kusubiri honi.

Honi haikupigwa. Gari lilimpita, kioo kimefungwa, likakanyagiwa mafuta. Asiye na adabu wewe, Ernesta akasema moyoni, na hapo ndipo nyuma ya gari ilipompita usoni, karibu kiasi cha kuigusa. Tairi la akiba lilikuwa limefunikwa kwa kitenge cha umoja wa wanawake, kitenge alichokishona kwa mkono wake mwenyewe. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kamba nyekundu, kwa fundo ambalo ni yeye tu anayelifunga.

Alipiga kelele. Alikimbia hatua kumi, kumi na tano, mwanamke wa miaka sitini na moja na koti la marehemu likimfunga miguu. Kisha akasimama, kwa sababu hakuna mtu anayekimbiza gari akalipata.

Nyumbani alikuta kipande cha ardhi kavu uani, mraba wa gari, na tone la oili katikati. Simu ya Elinaza haikupatikana. Haikupatikana kesho yake pia, wala keshokutwa.

Majirani walikuja wakakaa. Blandina alilia kuliko mwenye msiba. "Tuliliona likipita, mama. Tulikuwa wanne hapo barabarani na magunia yetu. Tungeona zile taa zake tungelisimamisha, tungeuliza Makengeza linakwenda wapi na mwenyewe yuko kanisani. Lakini zile nyeupe! Tukalipisha. Mimi nililipungia mkono."

Ernesta akaelewa. Alielewa polepole, kipande kwa kipande, kama mtu anayehesabu mifupa yake baada ya kuanguka. Zile taa hazikufungwa ili yeye aone. Zilifungwa ili watu wasilijue gari. Na lile bomba la moshi ni kwa ajili ya masikio. Elinaza hakuogopa polisi wala mahakama, aliwaogopa watu wa barabara ile, ambao wangetoka kwenye mashamba yao wakalizunguka na majembe. Kwa hiyo aliliondolea uso wake kwanza, mbele ya macho ya mwenyewe, na mwenyewe akamwombea kanisani.

Kwenye meza ya polisi alionyeshwa karatasi. Ilikuwa ya mauziano, kwa mtu wa Arusha anayekusanya magari ya kale.

"Mama, hii saini ni yako?" askari alimuuliza, kwa heshima kabisa.

Ernesta alivaa miwani yake. Akasoma mstari kwa mstari, na kidole, mpaka chini.

"Ni yangu," alisema.

Iliuma kuliko kifo cha Zebedayo, na hakuona aibu kulisema hilo kwa Blandina. Zebedayo hakufa kwa makusudi.

Wiki tatu zilipita ndipo simu ikaita. Namba ngeni.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba." Lilimtoka kabla hajajua, kwa mazoea ya miaka thelathini na tano, na alitamani kulirudisha kinywani.

Elinaza aliongea haraka. Alisema mambo yalimbana. Alisema gari lile lingemwua Ernesta siku moja, kwa hiyo hata kwa Ernesta ni heri. Alisema atakuja kumwangukia miguuni, mambo yakikaa sawa. Ndipo sauti ikashuka.

"Shemeji, zile taa za zamani bado unazo?"

"Za nini?"

"Mnunuzi anazitaka. Anasema gari la kale bila taa zake halina hadhi. Hizi mpya amezing'oa, kazitupa."

Taa zilikuwa kabatini, kwenye gazeti lake, nyuma ya vikombe vya wageni. Ernesta aliligeukia kabati akalitazama.

"Elinaza. Nikuulize kitu kimoja. Siku ile konani, ni wewe uliyekuwa unaendesha?"

Elinaza alikohoa.

"Nakuuliza."

"Ni mimi."

"Ulinijua?"

Alisikia pumzi ya yule mtoto aliyekuwa akimkanda kifua zamani, ileile, yenye mkwaruzo kidogo.

"Nilikujua, shemeji. Kwa koti la kaka." Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaka kumfurahisha mwenzake: "Nilikuwa natetemeka pale, sioni kitu. Nilipoona ni wewe, nikaacha kuogopa. Nilijua hutaniacha nianguke."

Ernesta aliitoa simu sikioni. Aliishika mbele yake muda mrefu, kama kitu alichookota na hajui ni cha nani.

"Taa haziondoki humu ndani," alisema hatimaye, na akakata.

Ukungu haukuacha kushuka kwa sababu ya shida zake. Alhamisi mbili baadaye alikuwa tena kona ya Mwamba, fimbo mkononi, na gari jingine lilikuwa limekwama pale, taa zake nyeupe. Dereva alipomwona alipiga honi kidogo, ya kuomba. Mwili wa Ernesta uliitika wenyewe, mkono wa kushoto ukaanza kunyooka. Akaurudisha chini. Akapita kando ya boneti akipapasa bati, akafika mlangoni, akagonga kioo kwa fimbo.

"Shusha," alisema. "Shusha kwanza nikuone uso."