Namba Ikae Eda

Siku tuliyotoka hospitali, mume wangu Fakihi hakugusa wali wa nazi niliompikia. Alilala ameelekea ukutani, nami nikamwacha anune kwanza.

Alifanyiwa upasuaji Dar es Salaam mwaka juzi, wakamtoa tezi dume yenye saratani. Tangu hapo hupimwa damu, kutazama kitu kinachoitwa PSA ambacho tezi ile ndiyo hukitengeneza. Tezi ikishatolewa, kikianza kuongezeka tena, madaktari hushuku saratani inarudi. Kila mara jibu lilikuwa "haionekani", tukarudi nyumbani Mitwero tunacheka. Safari hii, kwenye mashine mpya, imeonekana: sifuri nukta sifuri tatu.

Daktari Helena alituelewesha vizuri tu. "Mzee wangu, kipimo cha zamani hakikuona chochote chini ya sifuri nukta moja. Hiki kinaona. Huenda hata zamani ilikuwa hivihivi. Mizani ya ghala la korosho haishtuki ukidondosha korosho moja, ya sonara inashtuka. Tutarudia baada ya miezi mitatu, kwa mashine hiihii, tuone kama inapanda. Ikipanda tutakuwa tumeiwahi, na matibabu yapo. Leo sina cha kukutibu."

Mimi nilisikia yote. Fakihi alisikia "imeonekana", akaishia hapo.

Kesho yake nilikuwa uani nachuja tui, akaja kuketi mbele yangu kavaa kanzu ya Ijumaa, na siku yenyewe Jumanne. Nikajua kuna jambo.

"Mama Tawakali," akasema, "umenitunza vya kutosha. Tangu upasuaji mimi si mume wa kitu, unajua mwenyewe. Sasa na ugonjwa umerudi. Wewe bado una nguvu zako. Nimeona ni heri nikupe..."

Nilimziba mdomo kwa kiganja chenye machicha. Neno lile kwetu halina mzaha. Likitoka limetoka, hata mwenyewe akijuta. Niliogopa, ila namshukuru Mungu aliyeniumba na hasira za karibu.

"Baba Tawakali, unataka kuniacha kwa ajili ya nukta?"

Akatikisa kichwa, machicha yamemganda masharubuni.

"Ukinipa talaka nitakaa eda miezi mitatu, si ndiyo? Na daktari naye ametaka miezi mitatu. Basi hiyo namba ndiyo ikae eda. Mimi sikai. Na mpaka iishe, sitaki kulisikia neno hilo hata ukiwa usingizini."

Alijaribu kukasirika, akashindwa. Alianza kucheka mkononi mwangu, kisha kicheko kikageuka kilio. Nikamfuta uso kwa kanga yangu. Nampenda mzee huyu. Kama alidhani nilikuwa nimeipenda tezi, basi miaka yote ile hakunijua.

Miezi iliyofuata alikuwa mpole kupita kiasi. Alipalilia mikorosho yetu ya Mingoyo, akirudi anashukuru kwa kila kikombe cha chai utadhani mgeni. Nilimvumilia, japo upole wa namna ile unachosha kuliko ugomvi.

Tuliporudi hospitali, Daktari Helena alilinganisha majibu mawili. "Palepale," akasema. "Sifuri nukta sifuri tatu. Haijapanda. Tutaendelea kuifuatilia, lakini leo nenda nyumbani ukale."

Tulitoka nje. Fakihi akasimama karibu na geti.

"Haijaondoka," akasema.

"Haijaondoka."

"Huenda isiondoke, Biasha."

Zilikuwa zimepita siku nyingi hajaniita kwa jina langu.

"Basi nimepata mke mwenza," nikamwambia. "Mdogo, hana kelele. Nitamweza."

Hakucheka. Alikuwa ananitazama, macho yamejaa machozi.

"Siku ile uliponiziba mdomo," akasema, "nilikuwa namwomba Mungu ufanye hivyo."