Kigoda cha Chembe ya Nne

Ijumaa asubuhi, saa mbili kasorobo, mpima uzito wa maabara alipangusa mizani kama kawaida, kisha akasalimia vigoda vitatu vilivyo karibu na dirisha. Vyote vilikuwa na wenyewe: chembe tatu, ndogo zisizoonekana, nzito kuliko makabati.

Mama huyu alizitabiri kwa nadharia ambayo wataalamu waliicheka zamani wakaiacha. Ilisema kila chembe tunayoijua ina dada yake mzito ambaye bado hajafika. Alipiga hesabu kwa penseli miaka kumi na tisa, akaandika uzito, siku na mahali, akamwagiza seremala vigoda. Kila chembe ilikuja siku ileile aliyoiandika, ikaketi, sakafu ikabonyea. Hakukosea hata mara moja. Jamani, kichwa kile!

"Dada, hii ya nne ina uzito gani?" seremala aliuliza.

"Kama lori la mchanga."

"Basi vizuri nimeweka miguu sita."

Alichotaka mama ni kimoja tu: jina lake liandikwe. Zile tatu Mkurugenzi wa maabara alizipa jina lake yeye. Safari hii aliahidi, "Tutakuandika, mama, usiwe na wasiwasi," akamwalika kwenye sherehe ya kuipokea. Alipangiwa safu ya mwisho, karibu na mlango. Seremala akabeba kigoda cha nne mpaka pale.

Saa nne na dakika kumi, kama ilivyoandikwa kwenye daftari la mama, chembe ilifika ikaketi. Ukumbi mzima uliinama. Viti viliteleza taratibu na wageni wao, vikamzunguka mama. Mzee mmoja alimkanyaga, akaomba radhi. Kule juu Mkurugenzi alikumbatia meza, akaendelea kusoma hotuba: chembe ya nne nayo ingeitwa kwa jina lake. Wageni walipiga makofi.

Mama alilia. Iliuma, tena sana. Halafu Mkurugenzi akateremka kwa makalio mpaka miguuni pake.

"Mama, ya tano lini? Nijiandae."

"Alhamisi," alisema, kwa kuwa kweli ingefika Alhamisi.

Mkurugenzi alipokwenda kupigwa picha, seremala alimwinamia. "Dada, usilie. Jina lako nimelichonga chini ya vigoda. Vyote vinne."

Mama akacheka huku machozi yakimtoka. Wakashika kigoda pamoja wakijaribu kukiinua walisome. Hakikutikisika.