Nikifaulu, Tunabaki

Mume wangu Garrett alipoanza kujiandaa kwa mtihani wa kuingilia shule ya sheria, hakujua sheria hata moja, ila kabla wiki ya kwanza haijaisha alikuwa ameshajua kwamba mimi nakosea. Asubuhi moja nilisema theluji imeanguka usiku kucha, kwa hiyo tutachelewa kazini. Akainua kidole.

"Hapo umeruka hatua, Marit. Umedhani barabara haijasafishwa. Hujathibitisha."

"Si uchungulie dirishani, mwanaume!"

"Sizungumzii dirisha. Nazungumzia hoja yako."

Tukachelewa, bila shaka, na ni yeye aliyelikwamisha gari kwenye theluji ambayo haikuwa imethibitishwa.

Chanzo cha yote ni harusi ya binamu yake. Garrett alibishana na mhudumu wa baa kuhusu kipimo cha bia mpaka foleni ikafika mlangoni, na mzee mmoja aliyekuwa na kiu akamwambia, "Kijana, wewe ungekuwa wakili." Hapa Marekani sentensi hiyo imeharibu wanaume wengi kuliko bia yenyewe. Mtu mbishi akiambiwa hivyo haelewi kwamba anaombwa anyamaze. Anadhani ameitwa na Mungu. Garrett alikuwa muuza madirisha ya nyumba, na aliuza sana, maana watu walitia sahihi ili aondoke sebuleni kwao. Alirudi kutoka harusini akiwa tayari ni wakili, kasoro vitu vidogo vidogo kama kusoma.

Sasa mimi kwetu ni Duluth, kule juu kwenye ziwa kubwa. Milwaukee nilikuja kwa ajili yake, na nimekaa kwa ajili yake. Vuli ile ile aliyonunua vitabu vya mazoezi, nilipigiwa simu na maktaba ya mji wetu. Walitaka mtu wa kuongoza idara ya watoto, na waliniomba mimi, niliyekuwa nikipanga vitabu pale pale nikiwa binti wa shule. Kazi hiyo niliitamani hata kabla sijajua inaitwaje. Na mama yangu yuko kule peke yake, macho yanafifia, anaunguza vidole akipika na anasema ni jiko ndilo baya.

Nikamweleza Garrett tukiwa mezani jikoni. Alinisikiliza kwa ukimya uliotulia mno, mikono kaikutanisha chini ya kidevu. Jaji mzima, amevaa soksi zilizotoboka.

"Tufanye hivi," akasema. "Nafanya mtihani mwezi wa nne. Nikifaulu, tunabaki Milwaukee."

"Na kufaulu ni kupata ngapi?"

Akataja alama ambazo shule ya sheria ya hapa mjini inazitaka. Nikamshika mkono, nikasema sawa. Niliona tumeelewana. Nikawapigia watu wa maktaba, wakakubali kunisubiri mpaka shule zifungwe.

Kipupwe kile nilikichukia chote. Garrett aliteka meza ya kulia chakula, tukawa tunakula tumesimama kama farasi. Alikuwa na mwalimu wake wa kwenye video, kijana mwenye meno meupe kuliko sahani zangu, aliyekuwa akifundisha watu namna ya kupumua kabla ya kujibu swali. Huyo mwalimu hakuwahi kuwa wakili. Alifaulu mtihani akaishia hapo hapo, akageuka kuwauzia wengine tiketi ya gari ambalo yeye hakulipanda. Garrett alimwamini kuliko mchungaji wetu. Alipumua, alipumua, nami niliosha vyombo.

Lakini kilichonichosha kupita vyote ni habari ya ile sehemu isiyohesabiwa. Mtihani wenyewe una sehemu nne, na wenye mtihani wamechomeka humo moja ambayo alama zake hazihesabiwi. Wanaitumia kujaribia maswali ya miaka ijayo, na hawasemi ni ipi. Mtu mwenye akili timamu akisikia hivyo atasema, basi nitazifanya zote kwa bidii. Garrett na wenzake wa mtandaoni waliposikia hivyo walianza kutafuta namna ya kuinusa. Jioni baada ya jioni walibishana. Huyu anasema ni ile yenye maswali ya ajabu, yule anasema ni ile inayokuja ya pili. Muda ambao wangeutumia kujifunza mtihani waliutumia kujifunza ni wapi wasijifunze.

Ijumaa moja tulikwenda na mama yake, Trudy, kula samaki wa kukaanga kama tufanyavyo kila Ijumaa. Tulikuwa hatujavua hata makoti, mama mkwe akamwita mhudumu.

"Mletee kwanza huyu mwanangu. Ndiye wakili wetu."

"Mama, mtihani bado hajafanya," nikasema.

"Na wewe Marit, roho yako nzito kweli. Mtu ana kipaji!"

"Kipaji cha nini, mama?"

"Cha kubisha! Huyu amenibishia tangu ana miaka miwili."

Garrett akaweka uma chini. "Mama, hapo unatumia mfano mmoja kuthibitisha jambo la jumla."

Trudy akanigeukia, machozi yakimlengalenga. "Umesikia? Umesikia anavyosema?"

Nilisikia. Nilikuwa nasikia kila siku, bure. Garrett akaanza kumweleza mama yake kuhusu kunusa, huku akichovya viazi vyangu kwenye mchuzi wangu.

"Kwa nini usizifanye tu zote nne?" nikamuuliza.

"Akili ina mafuta yake, Marit. Huwezi kuyachoma kwenye safari isiyokwenda popote."

"Na ukikosea?"

"Watu wa kawaida ndio wanaokosea. Mimi nimefanya utafiti."

Mama mkwe akampa kipande chake cha samaki. Nilikunywa bia yangu nikawaza Duluth.

Siku ya mtihani ikafika. Siku hizi mtu anaweza kuufanya nyumbani kwenye kompyuta, na msimamizi anamwangalia kupitia kamera akiwa huko aliko. Msimamizi wa Garrett alimwamuru azungushe kamera chumba kizima, chini ya meza, nyuma ya mlango, na akamfanya akunje mikono ya shati. Paka ilibidi atoke. Mimi pia ilibidi nitoke. Nikambeba paka mpaka kwenye gari, tukakaa wawili mvuani mbele ya nyumba yetu wenyewe, na nakiri paka alikuwa na maoni mazuri kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Garrett alipofungua mlango alikuwa anacheka meno yote nje.

"Nimeipata!"

"Umefaulu?"

"Nimeinusa! Marit, sikiliza. Sehemu za kusoma habari na kujibu maswali zilikuja mbili. Si unaona? Huwa inahesabiwa moja tu. Kwa hiyo mojawapo ni ya majaribio. Ya kwanza, habari za mikataba, mahakama, mambo ya maana. Ya pili, uyoga."

"Uyoga?"

"Uyoga! Unaoota kwenye magogo. Sasa nani anamtahini wakili habari za uyoga? Nikacheka kimoyomoyo. Nikajaza B mwanzo hadi mwisho, nikafumba macho, nikapumua. Sehemu zilizofuata nimeziua, nina nguvu kama nimetoka kulala!"

Nilimtazama mtu huyu niliyeolewa naye. Sitasema uongo, furaha ilinipanda kutoka tumboni. Mtu aliyekaa miezi yote akiwafundisha watu kutodhania bila ushahidi, siku yenyewe amedhania uyoga. Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu, na huyu hata ujanja wenyewe ulikuwa wa kukopa.

Hakusubiri hata kuvua viatu, akaingia mtandaoni kuwatangazia wenzake. Watu hao wote walikuwa wamekubali kwa maandishi kwamba hawatayataja maswali popote. Mawakili wa kesho! Saa haijapita, na tayari walikuwa wamejaa humo wakiyataja. Nikasimama nyuma ya kiti chake nikisoma pamoja naye. Mmoja kaandika kwamba yeye alipata sehemu moja tu ya kusoma, na ilikuwa ya uyoga. Wa pili kaandika hivyo hivyo. Wa tatu kaandika uyoga umemtoa jasho.

Hata mimi niliyekuwa kwenye gari na paka nilielewa. Aliyepata sehemu moja tu ya kusoma, hiyo hiyo ndiyo inayohesabiwa.

"Garrett," nikasema.

"Watu watatu si ushahidi."

"Wanaongezeka. Huyo hapo wa nne."

"Wanaweza kuwa waongo. Kwenye mtandao kuna watu wabaya, Marit."

Akafunga kompyuta. Jioni ile hakuna aliyenirekebisha hoja, na nilikula nimekaa.

Matokeo yalikuja wiki kadhaa baadaye, asubuhi, mimi nakoroga kahawa. Aliyasoma akiwa amesimama. Alama zake zilikuwa chini hata ya zile alizopata kwenye zoezi la kwanza kabisa, kabla hajafungua kitabu. Alikuwa amejiandaa kipupwe kizima kurudi nyuma. Niliweka kikombe, nikaenda stoo, nikashusha masanduku.

Akanifuata chumbani.

"Unafanya nini?"

"Napanga. Leo nawapigia Duluth, niwaambie tunakuja."

"Tunakuja kwa nini?"

"Garrett, bwana. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana nini? Rudia maneno yenyewe."

"Ulisema ukifaulu, tunabaki."

"Haswa!" Uso ukamchangamka, mara ya kwanza tangu habari ya uyoga. "Nikifaulu, tunabaki. Sasa niambie, nilisema chochote kuhusu nisipofaulu?"

Nikachukua sweta kabatini.

"Hilo ni kosa la zamani sana, mpenzi," akasema, na akakaa kitandani, mguu juu ya mguu, mwalimu kabisa. "Mvua ikinyesha, nyasi zitalowa. Sawa? Haina maana kwamba mvua isiponyesha nyasi hazitalowa. Mtu anaweza kuzimwagilia. Vivyo hivyo, nikifaulu tunabaki. Na nisipofaulu, bado tunaweza kubaki. Maneno yangu hayakukuahidi Duluth. Umeiweka mwenyewe. Mwezi wa nane kuna mtihani mwingine, safari hii wenye mtihani siwapi nafasi."

"Na kazi yangu? Na mama yangu?"

"Hayo ni mambo ya hisia. Hayagusi hoja."

Hasira yangu haikuwa ya mtihani. Mjinga ana haki ya kushindwa mtihani. Lakini kulikuwa na jambo nililotaka kulijua.

"Ulijua hivyo siku ile mezani? Niliposhika mkono wako?"

Angesema hakujua ningemwamini, maana Garrett kutojua ni hali yake ya kila siku. Angesema amebuni sasa hivi kwa aibu ningemrushia sweta, tungegombana, pengine tungecheka. Yeye akatabasamu.

"Wakili mzuri hasemi zaidi ya kinachotakiwa."

Basi miezi yote ile, nikiosha vyombo, nikila nimesimama, nikimwambia mama yangu kwenye simu avumilie kidogo, mtu huyu alikuwa na mlango wa nyuma na ufunguo kauweka mfukoni. Nikaikunja ile sweta taratibu, nikaiweka sandukuni.

"Uko sahihi," nikamwambia.

"Kweli?"

"Kabisa. Hukusema. Nilidhani tu."

"Nafurahi umeelewa." Akanyoosha miguu. Kisha akaona nachukua sketi ya pili, na ya tatu. "Sasa mbona bado unapanga?"

"Kwani mapatano yetu yalikuwa yanamhusu nani?"

"Sisi. Mimi na wewe. Tunabaki au hatubaki."

"Sisi. Sawa. Na ulinisikia siku ile nikisema lolote kuhusu mimi peke yangu?"

Akafungua mdomo. Kidole kikapanda juu, kikasimama hapo. Nilimwona anairudia ile jioni ya mezani, neno kwa neno, akitafuta dosari. Nilifunga sanduku la kwanza, nikafunga la pili, nikamwita paka. Nilikuwa nikipita na paka mlangoni Garrett aliposema, "Ngoja, ngoja kidogo, iko mahali hapa," na sauti yake haikuwa na huzuni hata chembe. Alikuwa anafanya zoezi. Hapo ndipo kamba ya mwisho ilipokatika. Nilikuwa nimetega sikio nisikie kama ataniomba nibaki.

Nilimpigia mama kutoka kituo cha mafuta karibu na mji wa Eau Claire, nimeshapita nusu ya safari, nikamwambia atandike kitanda cha chumba cha nyuma, nafika leo. Akapiga kelele ya furaha, halafu akauliza.

"Na Garrett je? Mtihani amefaulu?"

"Kuna swali moja bado analitafutia jibu, mama," nikasema, nikawasha gari.